Ushuru wa usiku mmoja: kwa nini mama anayekimbia mapigo analipishwa kama mtalii

Katika vikao vyetu vya upatanishi tumezoea kuzungumza juu ya mashamba, ng'ombe, mipaka ya kijiji na vijana waliotoka msituni. Leo nawaomba tuzungumze juu ya bei ya kitanda kwa usiku mmoja, na ushuru ambao serikali huweka juu ya kitanda hicho. Wengine watasema hilo ni jambo la wenye hoteli na watu wa fedha. Nitajaribu kueleza kwa nini linatuhusu sisi tunaotafuta amani katika jamaa na katika kartie zetu.

Katika nchi nyingi, mtu anayelala hotelini, katika nyumba ya wageni au katika nyumba iliyokodishwa kwa siku chache hulipa kitu kidogo cha serikali juu ya bei ya chumba. Sababu inayotolewa ni ya haki. Mgeni anatumia barabara, maji na ulinzi wa mji, wala halipi kitu kingine pale. Tena anadhaniwa amekuja na pesa, kwa biashara au kwa matembezi. Kwa hiyo mbunge anayepigia kura ushuru huo hamuoni mtu wa kwao akiumia. Anamuona mtalii.

Lakini sheria haina macho ya kumuona mtalii. Inamuona "mtu anayelala mahali pasipo kwake kwa siku chache". Ndani ya maneno hayo wanaingia mfanyabiashara wa samaki, mzungu mwenye kamera, na mama aliyetoka kwa mlango wa nyuma saa tatu ya usiku, mtoto mgongoni, kitambulisho kikiwa kimebaki katika sanduku la bwana. Wote watatu ni wageni. Wote watatu wanaandikwa katika daftari moja na kulipishwa bei moja.

NCHI ZA NGAMBO ZIMEFANYA NINI

Naanza mbali kidogo, kwa sababu huko ushuru huu umeandikwa wazi na mtu anaweza kuupima. Baadaye tutarudi nyumbani.

Katika jimbo la Victoria, huko Australia, ushuru mpya ulianza tarehe 1 Januari 2025. Ni asilimia 7.5 ya malipo yote ya kukodi nyumba kwa muda usiofika siku 28. Nia yake ilikuwa njema: nyumba nyingi zilikuwa zimetolewa kwa wageni wa siku mbili tatu, wapangaji wa kawaida wakakosa pa kukaa. Pesa za ushuru huo zinapelekwa katika ujenzi wa nyumba za watu wenye kipato kidogo. Hoteli na moteli haziguswi. Mtu anayepangisha nyumba anayoishi mwenyewe naye haguswi.

Sasa tumtazame mama anayekimbia. Katika jimbo hilohilo, tume kubwa iliyochunguza ukatili ndani ya jamaa ilitoa ripoti mwaka 2016, ikiwa na mapendekezo 227. Kati ya mambo iliyoyalaumu ni desturi ya kuwalaza wanawake na watoto katika moteli kwa sababu nyumba za hifadhi zimejaa. Mama anayelazwa katika moteli haguswi na ushuru mpya, kwa kuwa moteli imetolewa. Lakini mama mwingine, aliyetoka kabla ya kupata namba ya simu ya shirika lolote, au anayeishi katika mji mdogo usio na moteli ya kufaa watoto watatu, anaweza kukodi nyumba ndogo kwa siku nne. Huyo ushuru unamgusa. Tuseme amelipa dola 600 za kule: ushuru juu yake ni dola 45. Kwa mtalii ni bei ya chakula kimoja cha jioni. Kwa mama ambaye bwana ndiye anayeshika kadi ya benki, ni tiketi ya basi ya kumfikisha kwa dada yake.

Mji wa Toronto, Kanada, ulianza kutoza ushuru wa vyumba wa asilimia 4 mwezi wa Aprili 2018, ukaupandisha kufikia asilimia 6 mwezi wa Septemba 2023. Katika miji mingi ya jimbo lile, sheria za ushuru huo zinatoa msamaha kwa nyumba za hifadhi zinazoendeshwa na mashirika yasiyotafuta faida. Ni vizuri. Lakini tazama vizuri msamaha huo umefungwa wapi: katika jina la shirika. Nyumba ya hifadhi ikijaa, na mama akaenda hotelini kwa pesa alizokopa kwa rafiki, msamaha haumfuati. Unabaki mlangoni pa nyumba iliyomwambia hakuna nafasi.

Katika jimbo la Texas, Marekani, serikali ya jimbo inatoza asilimia 6 ya bei ya chumba, na miji inaongeza ya kwake. Anayekaa siku 30 au zaidi mfululizo anasamehewa, kwa kuwa anahesabiwa kama mkaaji. Kanuni hiyo inamsaidia fundi wa mafuta ambaye kampuni yake inamlaza mwezi mzima. Mama anayehitaji usiku tatu hadi kaka yake afike analipa yote. Ni ajabu kidogo: mwenye uwezo wa kulipa mwezi mzima anasamehewa, mwenye uwezo wa usiku tatu hasamehewi.

Kuna pia njia ya nne, ambayo maofisa wa fedha wanaipenda popote: lipa kwanza, kisha leta ushahidi, tutakurudishia. Kwenye karatasi ni haki kabisa. Katika maisha, mtu aliyekimbia na nguo moja hana pesa ya kutanguliza. Na ushahidi unaotakiwa, kama barua ya polisi, hati ya daktari au neno la shirika, ndio vitu ambavyo bado hajavipata usiku ule. Akivipata miezi mitatu baadaye hatakumbuka kurudi kudai senti chache katika ofisi ambayo itamuuliza habari zake upya. Msamaha wa namna hiyo ni wa watu wenye kabati la kutunzia karatasi.

DAFTARI NI ZITO KULIKO PESA

Mpaka hapa nimesema juu ya pesa. Lakini kwa maoni yangu pesa ni nusu tu ya shida, na labda ni nusu ndogo. Ushuru wa kulala hauwezi kukusanywa bila daftari. Anayetoza lazima ajue nani alilala, usiku ngapi, kwa bei gani. Kwa hiyo palipo na ushuru pana jina, tarehe, namba ya kitambulisho na sahihi. Palipo na malipo ya kadi au ya simu pana ujumbe unaobaki.

Mtalii hajali. Kwa mama anayetafutwa, karatasi hiyo ni njia inayoonyesha mahali alipo. Huko Ulaya na Amerika bwana anasoma orodha ya matumizi ya kadi ya pamoja. Kwetu anasoma ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money, kwa maana simu mara nyingi ni ya nyumba nzima, na siri ya namba yake inajulikana na kila mtu ndani ya nyumba.

HAPA KWETU KONGO

Nchini mwetu hakuna ushuru mmoja unaoitwa ushuru wa siku chache. Kuna mchanganyiko. Kuna TVA ya asilimia 16, iliyoanza tarehe 1 Januari 2012, inayotozwa na hoteli zilizoandikishwa. Kuna Fonds de Promotion du Tourisme, mfuko wa serikali unaokula asilimia ya mapato ya hoteli na restora. Kuna ushuru wa jimbo na wa mji, ambao orodha yake iliwekwa upya na amri-sheria ya tarehe 13 Machi 2018. Na juu ya hayo kuna watumishi wa idara mbalimbali wanaopita mmoja baada ya mwingine, huyu anataka kuona karatasi ya usafi, yule ya vizima-moto, mwingine anataka "kinywaji". Wenye nyumba za wageni wanalijua jambo hili kuliko mimi.

Katika hoteli kubwa ushuru huo unaonekana katika risiti. Tuseme chumba ni dola 30: TVA peke yake ni dola 4 na senti 80 kwa usiku. Katika nyumba ndogo za wageni, ambako mama wa kawaida angeenda, hauonekani popote. Umefichwa ndani ya bei. Mwenye nyumba amehesabu anachotoa kwa mwezi mzima akakigawa juu ya vitanda. Kwa hiyo hata kama kesho serikali ingetoa msamaha kwa wanaokimbia mapigo, mama hangeona kitu katika bei yake, kwa sababu hakuna mstari wa kufuta. Jambo hili wataalamu wanaotoka nje hulisahau wanapotuletea mifano ya kwao.

Kisha kuna fishi. Kila anayelala hotelini anaandika fishi: jina, alikozaliwa, anakotoka, anakokwenda, namba ya kitambulisho. Watu wa uhamiaji na wa usalama hupita kuzikusanya. Katika eneo la vita sababu yake inaeleweka, na sitasema hazifai. Lakini fishi haina siri. Kijana wa mapokezi anaisoma, mlinzi anaijua, na katika mji ambao kila mtu ana shemeji yake katika kila ofisi, habari inafika kartie kabla ya jua kuchomoza.

Tena habari hiyo haifiki kama "amekimbia mapigo". Inafika kama "amelala otele". Hapo ndipo sheria yetu inapoongeza mzigo. Uzinzi ni kosa la jinai katika Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, na haukuondolewa wakati sheria hiyo iliporekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Marekebisho yale yalileta mema mengi: yaliondoa ulazima wa mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya bwana kwa matendo ya kisheria. Lakini bwana mwenye hasira ambaye ana fishi ya hoteli mkononi bado ana kitu cha kupeleka polisi. Mama aliyekwenda kushitaki kipigo anajikuta yeye ndiye anayejibu maswali. Mwenye nyumba ya wageni analijua hilo pia. Hataki bwana aje kupiga kelele mlangoni pake, hataki polisi, hataki mtumishi wa ushuru apate sababu mpya ya kuingia. Ni rahisi kwake kusema vyumba vimejaa. Simlaumu sana.

Kuna takwimu moja inayopasa kutajwa hapa. Uchunguzi wa kitaifa juu ya idadi ya watu na afya wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba asilimia 52 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepigwa au kutendewa ukatili wa mwili tangu walipofika miaka 15. Zaidi ya nusu. Nchi yetu inajulikana duniani kwa ubakaji wa vita, na misaada mingi ilielekezwa huko, kwa haki. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999, na nyumba kama City of Joy, iliyofunguliwa mwaka 2011, zimeokoa maisha ya wengi. Lakini mama anayepigwa na bwana wake mwenyewe, si na mtu wa silaha, mara nyingi hajui kama milango hiyo ni yake. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kijinsia haikutaja waziwazi ubakaji ndani ya ndoa, na hatuna sheria ya pekee juu ya mapigo ya nyumbani. Anabaki na kifungu cha mapigo na majeraha katika sheria ya jinai, kama vile aligombana na jirani sokoni.

Nyumba za hifadhi za muda ni chache. Kazi hiyo inafanywa na dada wa parokia, na mama mchungaji, na shangazi mwenye chumba kimoja na watoto sita. Hao hawatozi ushuru wala hawaandiki fishi, na ndiyo sababu watu wanawakimbilia. Ila bwana anawajua wote. Usiku wa kwanza anaanza kwa shangazi.

USIKU MMOJA NA UPATANISHI

Sasa nafika kwenye jambo linalowahusu moja kwa moja wasomaji wa kurasa hizi, wajumbe wa kamati za amani, wazee wa barza, mashefu wa avenyu.

Ugomvi wa bibi na bwana ukifika kwetu, mara nyingi unafika usiku au asubuhi na mapema. Wazee wanaketi. Mama anaeleza, bwana anaeleza. Mama anaombwa asamehe, bwana anatozwa kreti ya bia au mbuzi, wanashikana mikono, na kabla ya saa sita wamerudi nyumbani pamoja. Tunaandika katika ripoti: kesi moja imepatanishwa. Wafadhili wanafurahi.

Nawaomba tuulize swali moja kabla ya kuandika hivyo: kama mama angekataa, angelala wapi? Kama jibu ni "hakuna mahali", basi pale hapakuwa na upatanishi. Upatanishi unahitaji watu wawili wanaoweza kukataa. Mmoja alikuwa na nyumba, kitanda na mlango wa kufunga. Mwingine alikuwa na barabara. Alichokubali mama ni paa. Msamaha ni kitu kingine.

Wazee wengi ninaofanya kazi nao ni watu wenye huruma, na wanajua hilo. Wananijibu: "Mwanangu, tufanye nini? Tumpeleke wapi?" Nalo ni jibu la kweli. Wanajua pia kwamba akirudi kwa wazazi, swali la mahari linaamka. Baba yake hana ng'ombe wa kurudisha, au ng'ombe wale walikwisha kumuolea kaka yake. Kwa hiyo jamaa yake mwenyewe inamsukuma arudi. Hali ikiendelea mpaka aumie vibaya au afe, kaka zake wanainuka, nyumba inachomwa, na kitu kilichokuwa cha watu wawili kinakuwa cha koo mbili, pengine cha makabila mawili. Wanaofanya kazi milimani wanajua kwamba sisemi hadithi.

Usiku mbili au tatu za usalama hubadilisha mambo mengi. Mama anaweza kufika kituo cha afya. Na kama kulikuwa na kulazimishwa kimwili, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Anaweza kupata hati ya daktari wakati alama zinaonekana. Anaweza kufika kwa polisi wa ulinzi wa mtoto na mwanamke mchana, akiwa amelala na amekula, akaeleza kwa utaratibu. Na akija kwenye barza siku ya nne, anakuja kama mtu mwenye mahali pa kurudi. Hapo anaweza kusema ndiyo, au kusema hapana. Wengine wanasema ndiyo, na hiyo ndiyo tunayoweza kuiita amani.

Kwa makosa ya kijinsia, hatuna hata haki ya kuimaliza kwa mbuzi. Sheria namba 06/019 ya mwaka 2006 inasema kwamba kulipa faini ya kupatana hakuzimi mashitaka. Kamati zetu nyingi bado hazijui hilo.

MASHIRIKA YETU NAYO YANA DAFTARI

Nisingesema haki kama ningelaumu serikali peke yake. Mashirika yanapolipa kitanda cha mama kwa usiku chache, yanadai karatasi kama ofisi ya ushuru. Mkaguzi wa mfadhili anataka risiti yenye jina la nyumba ya wageni, jina la aliyelala, tarehe, sahihi au alama ya kidole, na nakala ya kitambulisho. Risiti hizo zinapita kwa mwenye sanduku, kwa mhasibu, kwa msimamizi, kisha zinapakiwa katika bahasha kwenda mji mwingine. Mpaka zifike, watu kumi wamesoma mahali mama alipolala.

Mambo haya yanaweza kurekebishwa bila kumdanganya mkaguzi. Miongozo ya pamoja ya mashirika juu ya kusimamia kesi za ukatili inadai siri ya jina, na katika faili mama anaandikwa kwa kodi ya herufi na namba. Kodi hiyohiyo inaweza kuandikwa katika risiti. Jina linabaki katika kitabu kimoja, katika kabati moja, lenye ufunguo mmoja. Mkaguzi akitaka kuhakikisha, anaonyeshwa hapohapo, hapewi nakala. Nimeona wafadhili wakikubali utaratibu huu walipoelezwa mapema, kabla ya kutia sahihi ya mradi. Wakielezwa baada ya pesa kutumika wanadhani ni wizi.

Njia nyingine ni shirika kufanya makubaliano na nyumba mbili au tatu za wageni. Shirika ndilo linalokodi vyumba viwili kwa mwezi, kwa jina lake, likatumika au lisitumike. Ushuru unalipwa na shirika mara moja, katika risiti moja, na mwenye nyumba hana hofu kwa kuwa mpangaji wake ni shirika. Mama anaingia kama mtu wa shirika. Juu ya fishi, makubaliano yanapaswa kupatikana mapema na mkuu wa idara inayohusika, mchana, kwa barua na kwa mazungumzo, wala si usiku mlangoni na askari mwenye usingizi. Idara inaweza kuwa na jina lake ikiwa lazima, ila fishi isikae juu ya meza ya mapokezi. Ni njia yenye gharama: chumba kinachobaki wazi kinalipiwa. Mhasibu atalalamika. Amwulize daktari bei ya mkono uliovunjika.

Hali ya 2025 ilitufundisha jambo lingine. M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango, kambi za wakimbizi zilizozunguka Goma zilivunjwa, na mwaka huohuo misaada ya Marekani ilikatwa, hata dawa za saa 72 zikapungua katika vituo. Mashirika yaliyotegemea kutuma pesa kwa benki yalishindwa kulipa hata usiku mmoja. Kwa wakati kama huo, nyumba ya dada wa parokia na ile ya mama mchungaji ni hazina. Basi tusizitumie bure tu. Gunia la unga, godoro mbili, kufuli ya nguvu na mkopo wa simu kila mwezi ni msaada wa kweli kwa nyumba inayopokea watu usiku.

KWA WALE WANAOKAA NA WATUNGA SHERIA

Ibara ya 14 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaiagiza serikali kupambana na ukatili dhidi ya mwanamke katika maisha ya hadharani na ya faragha. Kwa hiyo mtu anayeomba msamaha wa ushuru kwa mama aliyekimbia haombi sadaka. Anadai sheria itekelezwe.

Lakini tuombe kitu kinachofaa. Kutokana na mifano ya Victoria, Toronto na Texas, na kutokana na hali yetu, mimi ningeomba msamaha usifungwe katika aina ya nyumba, wala katika hesabu ya siku, wala usingoje mama aliyeumizwa alete ushahidi ili arudishiwe pesa. Ufungwe kwa anayelipa: kila usiku unaolipwa na kituo cha afya, parokia, shirika lililoandikishwa au ofisi ya jinsia na jamaa ya jimbo, kwa ajili ya mtu aliye hatarini, usitozwe kitu cha jimbo wala cha mji, na uandikwe kwa namba bila jina. Mama aliyejilipia usiku wa kwanza, shirika likimpata siku ya pili, liweze kuubeba usiku ule pia. Pesa ambazo jimbo litapoteza ni kidogo sana, kwa kuwa vitanda hivyo ni vichache. Anayeogopa udanganyifu aweke kikomo cha vyumba kwa kila shirika, na kukagua mara mbili kwa mwaka.

Na wanaume je? Wapo pia wanaopigwa, na wazee wanaofukuzwa na watoto wao wakiitwa wachawi. Maneno "mtu aliye hatarini" yanawatosha wote.

Ushuru wa jimbo hupita kwenye baraza la wabunge wa jimbo, na bajeti yake huletwa kila mwaka. Wakati wa kuzungumza na mbunge ni kabla ya kikao hicho kufunguliwa, na mtu wa kwenda naye ni mwenye nyumba ya wageni. Yeye ndiye anayeweza kueleza kwa hesabu ni idara ngapi zinapita mlangoni pake kwa mwezi, na ni mara ngapi amemwambia mama mwenye mtoto mgongoni kwamba vyumba vimejaa huku ufunguo ukining'inia ukutani.